Ngozi ya usukani ikichubuka: itengeneze kabla hujaivalisha kava

Ijumaa moja nilishuka garini kuelekea msikitini, kanzu nyeupe, mikunjo ya pasi bado imesimama. Kabla sijavua viatu jirani yangu akanigusa bega: "Shehe, umepitia gereji?" Nikajitazama. Kwenye paja la kulia palikuwa na alama za vidole vinne, nyeusi tii, zimejipanga kama muhuri wa serikali ya mtaa. Siku mbili kabla yake nilikuwa nimemlipa fundi anirudishie sura ya usukani uliochubuka. Kumbe alichofanya ni kupaka rangi ya viatu, akasugua kwa brashi mpaka ukang'aa, akachukua chake. Jua la Dar likaipasha, jasho la kiganja likailainisha, kanzu ikapokea. Nilipomrudia akanishauri nisiwe naushika sana. Usukani!

Tangu hapo natengeneza mwenyewe: wa kwangu, wa shemeji, wa gari la dada. Kazi si ngumu, inataka subira tu. Na sehemu yake kubwa haihusiani kabisa na rangi. Ukigawa muda, kama robo tatu yake ni kusafisha, kukausha na kupiga msasa. Karibu kila niliyemwona akiharibu, aliharibu kwa kuwa na haraka ya kufika kwenye rangi.

Kinachochubuka ni nini hasa

Ngozi ya usukani si kama ya mkanda wa suruali au ya kubazi. Kiwandani, baada ya kudabaghiwa, hupakwa tabaka la rangi lililochanganywa na poliyurethani, ambayo ni jamii ya plastiki, na juu yake tabaka jingine lisilo na rangi la kukinga. Yote mawili kwa pamoja ni membamba kuliko karatasi ya daftari. Kwa hiyo kila siku kiganja chako hakigusi ngozi, kinagusa utando huo, na utando ndio unaokufa kwanza. Unaliwa na jasho lenye chumvi, mafuta ya mwili, losheni, pete, na jua linalopiga kioo cha mbele gari likiwa limeegeshwa. Sanitaiza nayo ina lake: spiriti iliyomo hulainisha utando, na mtu akijipaka halafu akashika usukani mikono ikiwa bado mibichi, kila siku anafuta kidogo.

Ukijua hilo utaelewa kwa nini mafuta ya nazi, glisirini na vilainishi vya dukani haviponyi usukani uliochubuka. Pale utando ulipo salama, mafuta hayaingii. Yanabaki juu na kuufanya uteleze. Pale utando ulipokwisha, yanazama ndani ya ngozi na baadaye yatazuia rangi kushika. Unachotakiwa kurudisha ni utando. Hicho ndicho kisa chote.

Tazama pia mahali palipochakaa. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, mara nyingi nakuta upande wa kulia juu ndio umeisha, pale penye namba moja hadi tatu kwenye uso wa saa (nasema namba zilizochorwa, si saa zetu za Kiswahili), kwa sababu mkono wa kushoto unashinda kwenye gia au kwenye simu. Na hapo hapo niseme, kama unanunua gari lililotumika na dalali anakuonyesha kilomita elfu arobaini, tupia jicho usukani. Ukikuta umepata kipara na pedali ya breki imelika kona, anza kuuliza maswali.

Pima kabla ya kununua chochote

Hakikisha kwanza kwamba ni ngozi. Usukani wa ngozi una mshono unaozunguka upande wa ndani wa duara, na mara nyingi viungo viwili au vinne pale vipande vinapokutana. Usio na mshono wowote, wenye mstari mwembamba tu kama wa ndoo ya plastiki ilipotoka kwenye kalibu, huo ni wa sponji ngumu ya plastiki. Ukichakaa hunatanata au humeguka unga, na maelezo haya hayatakusaidia. Ruka mpaka sehemu ya kushona. Na uwe macho na wale waliokwisha kushonewa rekzini huko nyuma. Ngozi bandia ikichoka hubanduka vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na chini yake utaona kitambaa. Hiyo haitengenezeki, inavuliwa.

Ukishajua ni ngozi, dondosha tone moja la maji palipochakaa. Likizama na kuacha doa jeusi, utando umeisha na uko kwenye ngozi tupu. Likisimama kama tone juu ya jani la mgomba, kuna utando bado, au kuna mafuta mengi juu yake. Halafu pitisha kidole. Kama panateleza tu ila rangi imepauka, una kazi nyepesi ya nusu siku. Kama panakwaruza, pana vimanyoya na vijufa kama vya kisigino, ni kazi ya siku nzima. Kama ngozi imechanika hadi unaona sponji au pamba ya ndani, au inacheza na kuzunguka chini ya mkono, usihangaike na rangi.

Jambo moja watu wengi hawaamini mpaka waone kwa macho: usukani wa ngozi hutoka kiwandani ukiwa mati, hauna mng'ao. Ukiona wako unameremeta, hiyo ni takataka ya mikono iliyopigwa pasi na viganja vyako mwenyewe. Nimeshapewa usukani "uliochakaa" ambao ulipooshwa vizuri haukuhitaji kitu kingine.

Vitu vya kuandaa

Sabuni maalumu ya kusafishia ngozi, au ukiikosa, sabuni ya maji isiyo kali iliyozimuliwa sana. Brashi laini na mswaki wa zamani. Vitambaa vyeupe vitano au sita. Vyeupe kwa makusudi, ili uone kinachotoka. Isopropili, ile spiriti ya kusafishia. Ukichukua spiriti ya hospitali soma chupa kwanza, maana baadhi hutiwa mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi ya mgonjwa, na mafuta ndiyo tunayoyakimbia. Msasa wa maji namba 400, 600 na 1000. Tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi. Glavu. Sponji laini uliyoikata vipande vidogo. Draya ya nywele. Ya mke wangu imeshakuwa ya gereji, tumeelewana.

Halafu dawa zenyewe ni nne: bainda, ambayo ni kimiminika cheupe kama maziwa kinachozama na kushikanisha nyuzi za ngozi, fila ya ngozi ya kuziba nyufa, rangi ya ngozi ya maji, na klia ya mati, ile ya juu isiyo na rangi ya kukinga, pamoja na hadina yake, yaani dawa ya kuigumisha. Seti kamili za kampuni kama Colourlock ya Ujerumani au Furniture Clinic ya Uingereza huagizwa mtandaoni. Wenye maduka ya vifaa vya washona viatu na mafundi viti nao wana rangi za ngozi, ila uliza mara mbili kama ni ya maji na kama ni ya kukaa juu ya ngozi, si ile dai nyembamba ya kuzama. Dai haifuniki, na jasho linaitoa.

Rangi ya bodi ya gari usiilete hapa. Ikikauka ni ngumu kama ganda la yai, nayo ngozi ya usukani hubanwa na kuminywa kila siku. Tineri pia iache stoo, inayeyusha mpaka plastiki ya vitufe.

Kuhusu rangi gani: kwenye gari la Toyota kutoka Japani tafuta bamba dogo la chuma, mara nyingi kwenye chumba cha injini au nguzo ya mlango. Kuna mstari wa rangi wenye misimbo miwili iliyotenganishwa kwa mkwaju (/). Wa kwanza ni wa bodi, wa pili ni wa mapambo ya ndani. Muuzaji wa rangi atautaka ule wa pili. Kama usukani ni mweusi usidhani umeponea. Nyeusi ya kiwandani mara nyingi ni ya mkaa, si ya masizi, na ukipaka nyeusi tupu utaona kiraka kutoka kiti cha nyuma. Tone moja la nyeupe kwenye kijiko cha nyeusi mara nyingi hutosha kuituliza.

Kazi yenyewe

Egesha kivulini, si juani. Ngozi ikiwa ya moto, maji hukauka kabla hayajafanya kazi na rangi hushika kabla hujaitandaza. Funika kiti na deshibodi kwa shuka la zamani. Bandika tepu kuzunguka honi, vitufe vyote na vile vipande vya plastiki ya kijivu, na uibane kwa ukucha kwenye kona.

Usivue usukani. Najua kuna video zinazoonyesha unavyotolewa na kuwekwa mezani kwa raha. Katikati yake kuna eabegi, mfuko wa hewa unaofumuliwa kwa baruti, na mtu asiyeijua kazi hiyo hana sababu ya kuufungua ili apake rangi. Kama lazima uvuliwe, mfano unashona upya na mikono haifiki, mpe fundi anayejua mfumo huo. Yeye atachomoa nguzo ya hasi ya betri kwanza na kusubiri. Miongozo ya Toyota inataka angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Na kile kifuniko cha katikati usikipake fila, gundi wala rangi nzito, maana kimetengenezwa kipasuke kwenye mstari wake siku ya ajali.

*Kusafisha.* Weka sabuni kwenye brashi, si kwenye usukani, kisha sugua kipande cha kama shubiri moja kwa duara ndogondogo. Usukani uwe na unyevu, usilowe. Maji yakichuruzika kwenye vitufe utajuta. Povu litatoka jeupe, baada ya nusu dakika litageuka rangi ya chai ya mkandaa. Lifute kwa kitambaa cheupe kabla halijakauka, songa mbele. Kwenye mshono tumia mswaki, ukifuata uelekeo wa uzi. Ukimaliza mzunguko anza tena. Wa kwangu ulihitaji mizunguko minne, na kitambaa cha tatu bado kilikuwa na weusi. Nilidhani ni rangi inatoka. Ilikuwa ni miaka minane ya viganja vya mtu nisiyemjua.

Utajuaje umemaliza? Povu linabaki jeupe, na mng'ao wote umeondoka. Acha ikauke saa moja au mbili, au pitisha draya kwa mbali.

*Kutoa mafuta.* Lowesha kitambaa kwa isopropili, kikamue, kisha futa duara lote, zaidi palipochakaa. Kitambaa kikianza kuondoka na rangi kidogo, ni sawa. Kikiondoka na rangi nyingi kwa mfuto mmoja, rangi iliyopo ni ya mtu aliyekutangulia na lazima itoke yote. Ndivyo nilivyofanya na ile ya viatu. Ilichukua vitambaa kumi na mbili na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

*Msasa.* Hapa ndipo usukani unapopatikana au kupotea. Anza na namba 400 palipochubuka tu, kavu, kwa vidole viwili, mkono mwepesi. Unataka kukata vimanyoya na kushusha kingo za utando uliosalia, ili usihisi ngazi kati ya palipo na rangi na pasipo. Fumba macho upitishe kidole, kidole kinaona kuliko jicho. Kisha 600 kwa eneo pana zaidi, halafu 1000 kwa duara lote, mara moja tu, ili rangi mpya ipate pa kushika. Uzi wa mshono ukwepe kabisa: msasa ukipita mara tatu juu ya uzi, umeukata nusu. Futa vumbi kwa kitambaa chenye isopropili kidogo.

Ukimaliza usukani utatisha. Una mabaka, umepauka, unafanana na mbwa mwenye ukurutu. Usitishike, ndivyo unavyotakiwa uwe.

*Bainda.* Kama ngozi ni tupu au ina vimanyoya, chovya sponji na isugulie ndani kabisa. Ikaushe kwa draya, rudia. Mara tatu au nne, mpaka uone haizami tena na pamekuwa na mguso wa plastiki nyembamba. Pitisha namba 1000 kidogo. Kama ngozi ilikuwa nzima na imepoteza rangi tu, ruka hatua hii.

*Fila.* Kwa nyufa na mashimo. Mtego wake ni hamu ya kumaliza kwa mkupuo mmoja. Fila nene hukauka juu ikabaki mbichi ndani, kisha hunywea na kuacha bonde. Tumia kadi ya zamani ya benki au kipande cha kadi ya vocha uliyokwisha kukwangua. Chukua fila kama ya punje ya mchele, ikandamize kwenye ufa, kisha kwangua inayobaki juu. Kausha, msasa wa 600, rudia. Ufa wa kawaida unataka tabaka tatu hadi tano. Kama kuna kijipande cha ngozi kimeinuka, kilaze kwanza kwa tone dogo la gundi ukitumia kijiti cha meno. Tone dogo kweli, maana gundi ya haraka ikikauka huwa kama kioo, na kidole kitakuwa kinaihisi kila siku.

Kitu kimoja cha kutia moyo: fila kwenye usukani hukaa kuliko kwenye kiti. Kiti hukunjika kila unapokalia. Usukani una chuma ndani, haupindi.

*Rangi.* Tikisa chupa vizuri. Kwanza jaribu mahali pa siri, chini kabisa nyuma ya mkono wa usukani (kile kipande kinachounganisha duara na katikati), ukaushe kwa draya ndipo ulinganishe. Rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana imepauka kuliko itakavyokuwa, kwa hiyo usiihukumu kabla haijakauka.

Tabaka la kwanza paka kwa kusugua, jembamba, kama unapaka losheni mtoto. Litaacha mabaka, liache. Kausha dakika mbili tatu kwa draya huku ukiihamisha-hamisha, isisimame sehemu moja wala isielekee katikati kwenye honi. Kuanzia tabaka la pili usisugue, dondoa. Sponji iguse na kuinuka, iguse na kuinuka, ili alama za mfuto zisibaki na ngozi ipate vile vidoti vyake vya asili. Tabaka nne hadi sita zinatosha. Paka duara lote hata kama palipochubuka ni robo yake, vinginevyo utaona mpaka.

Ukiona inajaa kwenye vinyweleo vya ngozi na pamekuwa laini kama bati, umezidisha. Acha ikauke, piga 1000, rudi tabaka moja nyuma.

Usukani wenye uzi mwekundu au mweupe unataka subira zaidi. Kwenye mshono tumia brashi ndogo ya kuchorea, na uzi ukipata rangi ufute papo hapo kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa maji. Ikishakauka haitoki.

*Klia na hadina.* Watu wanaoruka hatua hii ndio wanaonipigia baada ya wiki tatu kusema "rangi yako imetoka". Rangi peke yake haiwezi kushindana na jasho. Pima hadina kwa vipimo vya lebo, si kwa makadirio. Kuna aina zinazotaka asilimia chache tu ya ujazo. Changanya kiasi cha kutumia leo, kwa sababu ikishachanganywa haihifadhiki. Vaa glavu na fungua milango yote, hadina si kitu cha kuvutia hewa yake. Paka kwa kudondoa, tabaka tatu nyembamba, ukikausha kila moja. Chagua mati. Klia ya kung'aa kwenye usukani inaakisi jua machoni, na inaufanya uonekane mchafu siku ya kwanza.

Ondoa tepu klia ya mwisho ikiwa imekauka juu lakini haijagumu, ukiivuta kwa pembe, polepole.

Sasa acha. Usiendeshe siku hiyo. Mimi hufanya Jumamosi na gari linalala mpaka Jumatatu. Ikiwa ni masika na hewa ina unyevunyevu, ongeza siku moja. Kwa wiki nzima usiuoshe na usiguse sanitaiza ukiwa ndani ya gari. Juu unaweza kuhisi imekauka, lakini ndani bado inakaza.

Ukikuta hautengenezeki

Ngozi iliyopasuka mpaka kwenye sponji inashonewa nyingine juu. Hapa nieleze msimamo wangu kuhusu zile kava za kuvalisha zinazouzwa kwenye foleni, zenye manyoya au madoadoa ya chui: sizitaki. Kava lisilobana huzunguka peke yake. Siku unakwepa bodaboda, mikono itazunguka na kava huku usukani umetulia. Kama lazima, nunua la kushona.

Pima kipenyo kutoka ukingo wa nje mpaka wa nje. Usukani wa gari dogo mara nyingi huwa kati ya sentimita 36 na 38. Pima pia unene wa mshiko kwa kuuzungushia uzi kisha kuulaza kwenye rula. Kava lenye matundu tayari likiwa na vipimo hivyo, livalishe likiwa limepata joto la jua ili lilainike, panga viungo vyake pale mikono ya usukani inapoanzia, kisha anza kushona kutoka kwenye mkono mmoja kuelekea mwingine.

Ukitaka kukata ngozi mwenyewe, kuna ujanja wa kupata kipimo. Zungushia usukani nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, juu yake bandika tepu ya karatasi mpaka pasionekane wazi. Chora kwa kalamu mstari wa mshono upande wa ndani na mistari ya viungo. Kata juu ya mistari hiyo kwa wembe, taratibu, ubandue. Hilo ganda ndilo kipimo chako. Lilaze juu ya ngozi ya unene wa milimita 1 hivi, na unapokata punguza milimita mbili kila upande wa mshono, kwa sababu ngozi inavutika na unataka uzi ndio uilazimishe kukutana. Ukikata sawasawa na kipimo, itacheza.

Ngozi inayofaa hii kazi ni laini ya magari au ya makochi. Ya soli za viatu haipindi, na ile nyembamba ya bitana inachanika kwenye matundu.

Uzi uwe wa poliesta uliotiwa nta, sindano mbili butu, na subana kwenye kidole cha kati, la sivyo kufikia robo ya kwanza utakuwa unavuja damu. Toboa matundu kabla ya kuvalisha, kila baada ya milimita tano, sawasawa pande zote mbili. Hesabu matundu, yakitofautiana hata moja mwisho wa mzunguko hautakutana. Shona msalaba: sindano ya kulia inaingia tundu la kushoto kutoka chini, ya kushoto inaingia la kulia, unavuta zote mbili kwa pamoja mpaka kingo zigusane. Kila mishono mitano simama ukaze yote kuanzia nyuma. Mara ya kwanza ilinichukua saa sita na shingo ikakaza siku mbili. Mara ya tatu, saa tatu na nusu.

Kama usukani una shimo pale ngozi ya zamani ilipochanika, lijaze fila na ulisawazishe kabla hujafunika. Ngozi mpya inaonyesha kila bonde lililo chini yake.

Kuutunza

Mara moja kwa wiki pitisha kitambaa chenye unyevu wa maji tu. Mara moja kila baada ya miezi miwili mitatu, sabuni ya ngozi na brashi laini, dakika tano. Dawa za kung'arishia deshibodi zenye silikoni zisifike hapo kabisa. Ukimpeleka mwosha magari, mwambie kabla hajaanza, na umwambie tena akiwa ameshika chupa. Ukiegesha juani weka kile kizuizi cha kioo cha mbele, au walau geuza usukani ili sehemu mpya iangalie chini.

Rangi iliyobaki ihifadhi kwenye kichupa cha dawa ya macho, umeandika tarehe. Baada ya mwaka hivi pale penye namba moja hadi tatu pataanza kupauka tena. Isopropili, msasa wa 1000 mara moja, tabaka mbili za rangi, mbili za klia: kabla chai haijapoa umemaliza.